Asubuhi Tuliyomtafuta Mwalimu Bruges

Nimestaafu mwezi uliopita, na jambo la kwanza nililofanya ni kulala mpaka jua likaniingia chumbani. Mume wangu alikuja kunichungulia akidhani naumwa. Siumwi. Ni kwamba kwa karibu miaka kumi nimekuwa nikiamka kabla ya watu wa mtaa wetu wa Sparkbrook, nikiliwasha basi gereji na kuwapeleka wakazi wa Birmingham kuutazama mji wa Bruges, kule Ubelgiji. Sasa wameingia madereva wapya, wawili wao wanawake, na wameniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Habari za mshahara sitaandika. Anayetaka utajiri asiendeshe basi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Niliingia kwenye kampuni ile kama muosha mabasi, na kwa kuyaosha nikayajua: lipi linavuja wapi, kiti kipi kimevunjika mgongo, abiria wa safari gani wanaficha maganda ya machungwa kwenye mifuko ya viti. Aliyenipandisha kwenye usukani ni Desmond, Mjamaika mnene, mpole, aliyekuwa dereva mkongwe kuliko wote. Aliniona nikilirudisha basi nyuma uani ili nifikie matope ya upande wa pili, akasimama na kikombe chake cha chai. "Zena," akasema, "mtu anayerudisha basi vile hana sababu ya kushika brashi." Nikasomea leseni, nikafeli mara moja, nikapata.

Safari yangu ya kwanza ya Bruges ilikuwa majira ya kuchipua, Desmond akiwa kando yangu. Tulichukua abiria Great Barr, kisha Edgbaston, tukamalizia Ladypool Road, tukashika Stratford Road kuelekea kusini. Hapo sikuwa na shida. Shida ilinisubiri ng'ambo, Calais, tuliposhuka kwenye feri. Mabasi yetu yana usukani upande wa kulia, na kule magari hupita kulia. Dereva ambaye Uingereza amezoea kukaa upande wa katikati ya barabara, kule anajikuta amekaa ukingoni kabisa, juu ya mtaro.

"Unaona nini chini ya kiwiko chako cha kulia?" Desmond akaniuliza.

"Majani."

"Basi uko salama. Siku ukiona mstari mweupe wa katikati, anza kusali."

Nawapa shauri hilo kama nilivyopewa. Jingine ni la mlango. Mlango wetu wa mbele uko kushoto, kwa hiyo ukisimama ovyo barabarani kule, unawamwaga abiria wako katikati ya magari. Usimshushe mtu popote ila kwenye maegesho, hata akikuambia amebanwa na haja. Wote husema wamebanwa.

Bruges mabasi hayaingii mjini. Yanaegeshwa nje, karibu na ziwa dogo lenye mabata maji weupe, na watu wanavuka daraja kwa miguu. Desmond hakuniruhusu nilale kwenye basi kama madereva wengine. Alinitembeza. "Mji ambao hujautembea kwa miguu," alisema, "usimpeleke mtu." Tukapita mifereji ambayo maji yake yanagusa kuta za nyumba, tukafika uwanja wa soko wenye mnara wa kengele, tukarudi kwa njia ya ua wa masista. Ua huo umezungukwa na nyumba nyeupe, una miti mirefu, na siku ile chini ya miti kulijaa maua ya manjano mpaka huoni majani. Watu walikuwa wakipita kimya bila kuambiwa. Mimi sikuwa nimewahi kuona majira yakibadilika namna hiyo. Kwetu mvua inakuja, inakwenda, mti uko pale pale na majani yake.

Kiangazi ni mji mwingine. Watu wamejaa hadi unatembea kwa hatua za mwenye mbele yako, mifereji inatoa harufu, na kila abiria ananunua chokoleti. Nisikilizeni vizuri juu ya chokoleti. Msiiweke kwenye buti ya chini karibu na injini. Kiangazi changu cha kwanza nilirudi Birmingham na masanduku yaliyokuwa yanatiririka, na mama mmoja wa Edgbaston alinikabidhi gauni lake la harusi ya mpwa wake kana kwamba mimi ndiye niliyelipaka.

Majani yanapopukutika, ukungu unashuka, watalii wanapungua, na mji unarudi kwa wenyewe. Nilipenda wakati huo kuliko wote. Ndio wakati ambao Desmond alifanya safari yake ya mwisho. Hakutaka sherehe. Aliniambia tu, tukiwa tumesimama darajani: "Mtu akipotea, usitawanye watu wote kumtafuta. Utapoteza kumi kwa kumtafuta mmoja. Mmoja abaki kwenye basi, mmoja hotelini, na wewe ukae na yule anayemjua aliyepotea, umuulize. Umuulize mpaka achoke." Kisha akaniuliza kama nimebakiwa na chai.

Mwaka uliofuata niliendesha msafara wa watu wetu. Aliyeupanga ni Bi Fatma, mama wa Kizanzibari mwenye duka la vitambaa Ladypool Road, mtu ambaye hata ukiingia kununua uzi unatoka umeshajiandikisha kwa jambo fulani. Aliwakusanya Wazanzibari, Watanzania wa bara, na manesi wa Kikenya pamoja na familia zao. Pasi nilizikagua mwenyewe pale pale dukani, viza moja moja, kwa sababu bandarini Dover si mahali pa kugundua kwamba mtu amekuja na kadi ya maktaba.

Ndipo nilipowajua Mama Njeri na mumewe. Mama Njeri alikuwa nesi, akiishi Great Barr, mwembamba, mwenye haraka ya watu wa wodini. Mumewe, Mwalimu Muriuki, alikuwa amefundisha jiografia shule za msingi huko Kenya mpaka alipostaafu, akamfuata mkewe Uingereza. Mzee mrefu, koti limepigwa pasi, na sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Alikaa kiti cha nyuma yangu akinieleza kila mto tuliovuka. Kule Bruges, kwenye ule ua wa masista, maua yakiwa yamejaa kama mwaka wangu wa kwanza, aliketi kwenye benchi akakataa kuondoka.

"Ningekuwa na darasa langu," aliniambia, "ningewaketisha hapa wote. Somo moja tu. Wangejua majira ni nini maisha yao yote."

"Nasi tuketi, Mwalimu?"

"Keti, Mama Salma. Nyoosha mgongo."

Niliketi, nikanyoosha mgongo. Salma ni binti yangu wa kwanza, na tangu siku hiyo Mwalimu na mkewe hawakuniita jina jingine.

Miaka ikapita. Nilikuwa nikimwona Mama Njeri mara moja moja, amechoka, akisema mzee hajambo. Kisha Desemba moja Bi Fatma akapanga msafara mwingine, safari hii watu waone soko la Krismasi na theluji, walale huko siku mbili. Mama Njeri na Mwalimu wakajiandikisha. Mwalimu alipanda basi akanisalimia kwa heshima sana, kama unavyomsalimia mtu usiyemjua. Nikasema moyoni, uzee. Njia nzima hakutaja mto hata mmoja.

Theluji tuliipata kweli. Ilianza usiku wa pili, na asubuhi ya kuondoka mji ulikuwa mweupe mpaka kwenye kingo za madirisha. Nilitangulia kwenye maegesho kuliwasha basi lipate joto na kufagia vioo. Kwa theluji, vijana, chukueni ufagio wa nyuzi laini na jozi mbili za glovu, maana ya kwanza italowa kabla hujamaliza upande mmoja. Nilikuwa ndani ya jozi ya pili Bi Fatma aliponipigia simu.

"Zena mwanangu, hebu njoo huku hotelini. Mzee wa Mama Njeri haonekani."

Nilimwachia basi kijana wa kiume wa Bi Fatma, mtu mzima mwenye watoto wake, aliyekuwa amenifuata kunisaidia, nikamwambia asiondoke hata aitwe na malkia. Nikavuka daraja nikikimbia na kuteleza.

Mama Njeri alikuwa sebuleni hotelini, nywele bado mbichi za kuoga, koti amelivaa juu ya nguo ya kulalia. Simu ya Mwalimu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameipigia, ikalia chini ya mto. Viatu vya mzee vilikuwa bado mlangoni mwa chumba. Alitoka na ndara za hoteli.

"Nilikuwa naoga tu, Mama Salma. Kuoga tu. Nikatoka, mlango uko wazi."

Polisi walikuwa wameshaarifiwa, na mmoja alikuja haraka, akaandika sura na urefu. Nje, theluji ilizidi kuanguka na kufunika nyayo za kila mtu. Abiria wenzetu walikuwa wamesimama na mabegi yao, nusu wanataka kutawanyika mitaani wakiita jina lake. Nikakumbuka Desmond. Nikawaambia wote wabaki, kisha nikamtuma Bi Fatma achukue wanawake wawili wafuate barabara moja tu, ile ya kwenda sokoni, na wasiachane.

Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa bosi, kutoka Birmingham. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba.

"Feri haitakusubiri, Zena," akasema. "Una watu wenye zamu kesho hospitalini. Na wewe saa zako za usukani zikipita kiwango, hutaruhusiwa kufika nyumbani leo. Mwache mke na polisi, walete wengine."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ndani ya basi kuna kifaa kinachoandika kila dakika unayokaa usukanini, na hakijui habari za wazee waliopotea. Nikamwambia nitampigia. Nikawageukia abiria, nikawaeleza bila kupamba: tukisubiri, tutakosa feri, na huenda tukalala njiani.

Kisha nesi mmoja, kijana wa kike ambaye safari nzima alikuwa amelalamikia baridi, akatoa simu yake. "Acha nipigie wodi wabadilishe zamu yangu," akasema. "Huyo ni kama babangu." Wa pili naye akatoa simu. Mwanamume mmoja alisema yeye ana kazi na hakuja hapa kufukuzwa. Baada ya muda akaweka begi lake chini, akaenda kumletea Mama Njeri chai.

Nikaketi karibu na Mama Njeri, nikamshika mikono. Ilikuwa baridi kuliko yangu.

"Niambie," nikasema. "Mwalimu ana nini?"

Akanitazama. Nilidhani atakataa.

"Anasahau," akasema. "Mwanzoni alikuwa anasahau funguo. Sasa ni mimi ananisahau, siku zingine. Ananiuliza, mama, wewe unatoka wapi? Sikukuambia kwa sababu nilijua mtanikatalia safari. Nilitaka tu tutoke kwa ile nyumba, Mama Salma. Nikirudi kazini ni wagonjwa, nikirudi nyumbani ni yeye. Nilisema, akiona mahali alipapenda, labda atarudi kidogo."

Akalia bila sauti, namna ya mtu aliyezoea kulia karibu na waliolala.

Nikamwacha kidogo, kisha nikaanza kuuliza. Alikula nini jana? Alivaa nini? Alisema nini kabla ya kulala?

"Watoto," akasema. "Alikuwa ananiuliza kama watoto wamekula. Nikamwambia watoto wetu ni wakubwa, Njeri yuko Nakuru na bwana yake. Akanikasirikia. Akasema si hao."

"Si hao?"

"Akasema, wale wangu. Wale niliokuja nao."

Tuliangaliana. Mimi nilimsikia Mwalimu kwenye benchi, miaka ile, maua yakiwa miguuni mwake, akilitaja darasa lake. Mama Njeri alikuwepo pia siku ile, na naona alisikia kitu kile kile wakati ule ule, maana tulisimama pamoja.

"Kwa masista," akasema.

Sitasahau njia ile. Si mbali, lakini mawe yaligeuka sabuni, na Mama Njeri alipoteleza nilimshika, nilipoteleza mimi akanishika yeye. Tukapita langoni. Ua wote ulikuwa mweupe. Ile miti ilikuwa mifupa mitupu, na pale palipokuwa na maua palikuwa laini kama shuka. Kwa mbali, chini ya miti, alikuwa amesimama Mwalimu.

Sista mmoja mzee alikuwa amemshika kiwiko. Alikuwa amemvika blanketi la kijivu na kumfunga miguu kwa kitambaa cha sufu juu ya zile ndara, na kwa jinsi alivyokuwa amesimama nilielewa kwamba alijaribu kumwingiza ndani na mzee akakataa. Mama Njeri alitaka kukimbia. Nikamzuia kidogo. Mwalimu alikuwa akigeuka huku na huku, akitazama nyuma ya kila mti, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye hofu kubwa. Si hofu ya aliyepotea. Hiyo nimeiona mara nyingi. Ilikuwa ya aliyepoteza.

Nikamwendea taratibu.

"Mwalimu, hujambo?"

Akanitazama. "Mama, wewe ndiye dereva?"

"Ndimi."

"Nina watoto hapa. Nilikuja nao. Niligeuka kidogo tu, sasa siwaoni." Midomo ilikuwa ikitetemeka. "Na hii baridi. Wengine hawana sweta."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yeye ni nani na hapa ni wapi. Watu husema ukweli ndio bora. Lakini nilimtazama macho, nikaona ukweli hauna kazi pale.

"Mwalimu," nikasema, "watoto wako wote wameshapanda basi. Kuna joto. Tunakusubiri wewe tu."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna aliyebaki?"

"Hata mmoja."

Akafumba macho. Mabega yalishuka, pumzi ikamtoka ndefu, nyeupe, ikapanda kwenye matawi. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Nilidhani nimempoteza mtoto wa watu." Kisha akamwona Mama Njeri nyuma yangu, akampa mkono kwa adabu, amsaidie kutembea kwenye theluji. Mama Njeri aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Sista alikuja nasi hadi langoni, na blanketi hakutaka tumrudishie.

Njiani nilimpigia Bi Fatma, nikamweleza tumempata, na nikamweleza pia hali. Sikumwomba kitu ila awapandishe watu basi. Tulipofika kwenye basi abiria wote walikuwa wameketi. Mwalimu alipanda ngazi kwa shida, akasimama mbele, karibu na usukani wangu, akawatazama. Manesi, wenye maduka, wanawake wa mabuibui, mwanafunzi wa chuo, yule bwana mwenye kazi zake. Aliwatazama safu kwa safu. Nikaona anasita, nikaogopa atagundua.

Kisha akajinyoosha, na ile sauti ya dawati la nyuma ikarudi.

"Hamjambo, watoto?"

"Hatujambo, Mwalimu!" basi zima likaitikia, na wa kwanza kabisa, kwa sauti kuliko wote, alikuwa Bi Fatma, bibi wa wajukuu saba.

"Ketini," akasema Mwalimu, ingawa wote walikuwa wameketi. Naye akaketi.

Feri tuliikosa. Tulipata nyingine jioni, nikapumzika kama sheria inavyotaka, tukalala karibu na Dover kwenye hoteli yenye kuta za karatasi, tukaingia Birmingham kesho yake mchana. Bosi alikuwa gereji akinisubiri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno makali. Akaniuliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia. Akatingisha kichwa, akasema mama yake naye alikuwa hivyo, na akaingia ofisini. Hatukulizungumza tena.

Kilichonipa faraja kubwa kilikuja baadaye. Baada ya safari ile Mama Njeri hakuwa na cha kuficha. Kila mtu kwenye basi lile alikuwa amejua, na hakuna aliyemcheka. Wale manesi wakapanga zamu zao ili mmoja wao apite Great Barr kila wiki kukaa na Mwalimu. Bi Fatma akawa anapanda mabasi mawili kumpelekea vitumbua, akifika anamwamkia, naye anamuuliza kama amefanya kazi ya nyumbani.

"Bado, Mwalimu," Bi Fatma anajibu. "Mie mvivu."

Kiangazi kilichofuata nikawa na msafara tena wa Bruges. Mama Njeri alikuja dukani kujiandikisha, akaanza mwenyewe kueleza hali ya mume wake mbele ya watu, viatu anavyovaa, maneno yanayomtuliza, nani akae naye wakati gani. Aliongea kama nesi anayekabidhi wodi. Hakulia.

Siku ya safari nilimchukua Great Barr na mzee wake, amevaa kofia ya jua. Tulipofika Ladypool Road, Bi Fatma akapanda, akamtoa Mama Njeri kwenye kiti chake bila kumwuliza, akamsogeza dirishani safu ya nyuma, yeye akaketi na Mwalimu. Nikaondoa basi. Kwenye kioo cha juu nilimwona Mama Njeri ameshika begi lake kwa nguvu, macho kwa mumewe, tayari kuinuka. Tukapita maduka ya Stratford Road, moja baada ya jingine. Mwalimu alikuwa akimweleza Bi Fatma mahali mvua inapotoka.

Tulipoingia barabara kuu nikatazama tena. Begi lilikuwa limeanguka sakafuni. Mama Njeri alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo, kichwa kimeegemea kioo, kama mtu asiye na zamu popote. Bi Fatma akanionyesha kwa kidole nizime redio. Nikaizima. Alilala hadi Dover.